Nilivyogeuka Kishikizo cha Bomba Ukweni

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Kebirigo, na nakiri kwamba mdomo wangu hufika kazini kabla ya vyombo vyangu. Mwezi jana niliwavutia wakwe zangu maji kutoka bomba la harambee, nikajigamba kwamba hata ndovu akiuegemea mfereji wangu hautatikisika.

Siku ya kuufungua, wageni wakiwa wamejaa uani, niligundua nimesahau kile kishikizo cha chuma kinachobana bomba ukutani. Bila hicho, maji yakija kwa nguvu bomba lingechomoka.

Badala ya kusema ukweli, nilijificha nyuma ya jiko nikalikumbatia bomba kwa mikono miwili. Mzee wa kanisa, ambaye nilitaka anipe kazi ya mabomba ya kanisa, akaanza kuomba. Aliombea chemchemi, akaombea mitaro, akamwombea kila aliyechimba, mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Hatimaye mfereji ukafunguliwa, watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu peke yangu pale ukutani kama mjusi.

Ndipo mama mkwe akatokea kwenye kona na sufuria ya chai. Kwetu mkwe hakabiliani na mama mkwe penye njia nyembamba, humpisha. Nikaachia bomba, nikarukia migombani.

Bomba likachomoka, likamwogesha yeye na chai yake. Hakunisemesha, maana si adabu. Alimwita mke wangu kwa sauti iliyofika barabarani: “Moraa, mwambie mume wako atoke kwenye migomba arudi kushika bomba.”