Mkono wa Baba Kwenye Mizani

Nilianza kusomea dawa za miti nikiwa na miaka arobaini na saba, magoti mawili mabaya, na miwani ya kusomea niliyoazima kwa mama mmoja wa kanisani nikasahau kurudisha. Darasa lilikuwa Embu mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea. Wanafunzi wenzangu wote wangeweza kuwa watoto wangu. Hata mwalimu, msichana mwembamba wa koti jeupe, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Aliniita mama kwa heshima, na akiniuliza swali alipunguza mwendo wa maneno kana kwamba masikio yangu nayo yalikuwa ya kuazima.

Watu wakiniuliza ni nini kilinipeleka shule umri huo, nilikuwa nawaambia ni kupenda masomo. Uongo mtupu. Baba yangu alikuwa akitibu watu kwa miti kule Muthara tangu kabla sijazaliwa, na alikataa kunifundisha. Msichana hakupewa dawa ya ukoo, kwa sababu msichana ataolewa aende nayo kwa watu wengine. Kweli niliolewa, nikaenda Kanyakine, na sikwenda na kitu. Kaka zangu wawili waliowekewa nafasi hiyo hawakuitaka. Mmoja alishika biashara ya miraa, mwingine akawa mwalimu na akaona haya hata kuulizwa habari za magome. Watoto wangu walipomaliza shule, nilifunga kibanda changu cha mitumba nikasema sasa ni zamu yangu. Nilikuwa na hasira ya miaka thelathini, na hasira hiyo ndiyo iliyonipandisha ngazi hadi ghorofa ya pili.

Nilipomwambia Baba, alicheka hadi akakohoa.

"Siku hizi miti inafundishwa ndani ya nyumba?" akauliza. Kisha akafuta macho. "Haya, mama. Nenda ukaone." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikaenda nikaona. Nilichoona zaidi ni uchovu. Nilipanga chumba Manyatta kwa sababu mjini kulikuwa ghali, na baridi ya mlimani ilikuwa inaingia chini ya mlango kila asubuhi kabla sijaamka. Nilisoma ukurasa mmoja kuhusu kazi ya ini mara nne, na mara ya nne bado sikujua ini linafanya kazi gani. Majina ya Kilatini yalikuwa yanaingia sikio hili na kutokea lile. Ijumaa nikifikiri nimepumzika, Jumamosi ilikuwa ni kwenda Muthara, kwa sababu Baba alikuwa amepigwa na kiharusi kidogo mwaka uliotangulia na mke wa kaka yangu aliyekuwa akimtunza alihitaji siku moja ya kwenda sokoni kama binadamu wengine. Jumapili ilikuwa ya Kanyakine, ya mume wangu, ambaye hakulalamika hata mara moja. Ningependa alalamike. Mtu akilalamika unapata mahali pa kumjibu.

Basi, muhula wa kwanza ukielekea mwisho, mwalimu akatupa kazi. Kila mmoja alete dawa moja inayotumika kwao, pamoja na kipimo chake. Kama kipimo ni kijiko, pima kijiko mara kumi kwenye mizani. Kama ni kiganja, pima kiganja mara kumi. Andika gramu, kisha tuone kama mara zote kumi zinakaribiana.

Niliona nimeokota dodo. Dawa ya Baba inayojulikana zaidi ni ya tumbo, gome la mti linalokaushwa na kutwangwa hadi liwe unga wa rangi ya majani ya chai. Mti wenyewe sitautaja. Hakupenda utajwe, na mimi sijaona sababu ya kumkosea. Unga huo ni mkali. Kiasi chake kikiwa sawa, unasafisha tumbo asubuhi na mchana mtu anakula. Kikizidi, mtu anaharisha hadi anaishiwa na maji mwilini. Na Baba hakuwahi kupima kwa kitu kingine isipokuwa kiganja chake cha kulia.

Jumamosi hiyo nilimkuta ameketi mlangoni. Nilipomweleza nataka nini, alifurahi, hata akavaa koti. Nilitandaza gazeti kwenye stuli, nikaweka mizani yangu ya betri, ile ndogo wanayotumia wauza viungo. Akatia mkono kwenye mkebe wa dawa, akamimina. Nikaandika. Akatia tena.

Mara ya tatu ndipo nilipoacha kuangalia namba nikaangalia mkono. Kiharusi kilimwachia miguu na mdomo, nasi tukashukuru Mungu na kusahau mengine. Kumbe vidole vilikuwa havikunjiki. Kiganja ambacho zamani kilikuwa na shimo katikati sasa kilikuwa bapa kama sahani, na kwa sababu hakuhisi kimejaa, alikuwa anaongeza kwa mkono wa kushoto mpaka macho yake yaridhike. Saba. Kumi na moja. Tisa. Sita. Kumi na mbili. Yeye alikuwa anatabasamu.

Nyumbani kwangu Kanyakine kulikuwa na pakiti moja ya dawa hiyo hiyo, aliyonifungia mwenyewe miaka mingi nyuma na sikuitumia. Nilijua mahali ilipo, nyuma ya sahani za wageni. Jumapili niliipima kabla ya kuvua viatu. Ilikuwa gramu nne.

Jumatatu nilimpa mwalimu karatasi yangu. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Mama, huyu mtu bado anatibu?"

"Hapana," nikasema. "Ameacha."

Sijui kwa nini nilidanganya. Najua. Niliona aibu kwa ajili yake mbele ya mtoto mdogo wa koti jeupe. Aliniwekea alama ya vyema, na nikashuka ngazi nikiwa nimechoka kuliko siku yoyote niliyowahi kufeli.

Kilichonimaliza ni simu ya mke wa kaka yangu katikati ya wiki hiyo. Alikuwa ananisimulia habari za nyumbani tu: ng'ombe amezaa, mvua imechelewa, na mzee mmoja wa ng'ambo ya mto ameharisha siku mbili hadi akapelekwa zahanati kuwekewa maji. Watu walisema ni maharagwe ya matangani. Nikamuuliza kama mzee huyo alikuwa amepita kwa Baba.

"Alipita," akasema. "Kwani?"

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Baba. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanitoka nilipomwona. Nikamwambia tu kwamba mkono wake umebadilika, anatoa mara mbili, mara tatu ya zamani, na mzee wa ng'ambo karibu afe. Nikamwomba aniachie nimpimie pakiti kila Jumamosi, nizifunge kwenye karatasi, yeye awe anagawa tu. Nilifikiri nimempa njia ya heshima ya kutokea.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo mizani yako imewahi kumponya nani?" akauliza.

"Baba, si mizani. Ni mkono."

"Mkono huu ulikulipia shule."

Akainuka, akaenda kuangalia mbuzi, na hakurudi hadi nilipoondoka. Nilijilaumu njia nzima. Nilijiambia, haya, miaka yote ulilia hujafundishwa, sasa umefundishwa miezi mitatu na kitu cha kwanza unachofanya ni kumvua baba yako nguo. Wiki hiyo sikushika kitabu. Kila simu ilipolia nilifikiri ni msiba wa mtu aliyekunywa dawa yetu.

Jumamosi ya tatu nilienda kwa kujikokota. Mwili ulikataa, nikaupeleka hivyo hivyo. Nilikuta mgeni ameketi kwenye benchi, mke wa kijana wa jirani, msichana mpole aliyeolewa pale baada ya mavuno. Tumbo lilikuwa linamsumbua, alisema, na asubuhi hana hamu ya chakula. Baba alikuwa ameshika mkebe kwa mkono wa kushoto na wa kulia ulikuwa tayari ndani ya unga. Aliniona nikiingia na hakunisalimu.

Mwalimu wetu alikuwa ametuimbisha maswali ya kumuuliza mwanamke yeyote kabla ya kumpa kitu cha kusafisha tumbo. Baba hakuwahi kuyauliza maisha yake yote, na asingeweza. Mwanamume wa rika lake hazungumzi mambo hayo na mke wa kijana wa jirani, na mimi siwezi kuyataja mbele ya baba yangu hata leo. Nikamwambia msichana, "Hebu njoo kidogo," nikampeleka nyuma ya jikoni, penye kuni.

"Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

Aliangalia chini. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, kisha vidole vikasimama. Miezi miwili. Hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe, kwa sababu alikuwa anaogopa kusema halafu iwe si kweli. Unga ule mimba haiuwezi, hata kwa gramu nne. Kwa kiganja cha Baba, sijui kama mama mwenyewe angeuweza.

"Usimwambie mzee," akaninong'oneza, na akanishika mkono kwa nguvu. "Tafadhali."

Tukarudi. Baba alikuwa bado amesimama, na sasa mkono ulikuwa nje, umejaa, kilima cha unga juu ya kiganja bapa. Gazeti lilikuwa limetandazwa kwenye stuli.

"Huyu hapewi," nikasema.

"Kwa nini?"

Msichana aliinamisha kichwa. Ningeweza kusema ni mizani. Ningeweza kusema ni mwalimu, ni kitabu, nikamtajia jina la Kilatini la kitu chochote, naye asingejua. Lakini nilikuwa nimechoka kudanganya kwa ajili yake, na kumdanganya yeye mwenyewe sikuweza.

"Siwezi kukuambia, Baba. Lakini hapewi. Aende hospitali ya Meru Jumatatu, nitampeleka mwenyewe."

Msichana akageuka kwake. Nafikiri aliogopa kwamba kukataliwa kungemfanya mzee aulize zaidi.

"Mzee, nipe tu kidogo," akasema. "Kidogo tu na mkono wako."

Baba alinitazama mimi, jinsi nilivyomwona akiwatazama wagonjwa tangu nikiwa mdogo, bila kukasirika na bila kuharakisha. Nilitaka kupiga magoti nimwombe. Nilitaka pia kuketi pale chini nilale. Unga ukaanza kumwagika pembeni ya kiganja chake, kwenye koti na kwenye kiatu, na sasa aliangalia unga huo ukimwagika. Nikajua kwamba anauona.

Akaurudisha kwenye mkebe. Ilimchukua muda, kwa sababu vidole havikuweza kuuelekeza, na mwingi ulianguka nje. Alipomaliza aliupangusa mkono kwenye suruali, mara moja, mara mbili, kisha akaninyooshea mkebe.

"Funika," akasema. "Uende nao."