Mrina Asali na Miaka Mitatu ya Sheria

Kwa miaka ishirini na mitano kazi ya Nthiga ilikuwa kukwea miti. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye migunga nje ya Kiritiri, na maua yakishakauka alikwea kwa kamba, kijinga cha moshi mkononi na mfuko wa ngozi begani, akarina. Wateja walitoka hata Embu mjini kuifuata asali yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkewe Gladwell, ambaye majirani humwita Mama Muchangi kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alizoea kusema kwamba mumewe anaongea na nyuki kuliko anavyoongea na binadamu.

Asubuhi moja ya mwaka 2019 alisimama kando ya barabara na mitungi miwili ya asali, akimsubiri mnunuzi. Lori la mchanga liliteremka kwa kasi. Mbele yake mbuzi walikuwa wakivuka. Dereva alikanyaga breki, breki hazikushika, akakata kona, na gurudumu la mbele likapanda ukingo pale pale Nthiga aliposimama. Walioshuhudia wanasema nyuki walifika kwenye asali iliyomwagika kabla polisi hawajafika.

Nyonga ilivunjika, na paja la kulia likavunjika mahali pawili. Alilala hospitalini wiki tisa.

Dereva alikuwa kijana wa Kanyakine aitwaye Kaberia. Siku ya tatu alikuja wodini amebeba ndizi mbivu kwenye karatasi, akasimama miguuni pa kitanda. "Mzee wangu, nisamehe," akasema. " Zile breki nilikuwa nimemwambia tajiri."

"Keti, kijana," Nthiga akamjibu. "Wewe hukutaka kuniua."

Tajiri mwenyewe, mwenye lori, alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa na bahasha na karatasi moja iliyopigwa chapa. Alizungumza kwa upole, akaulizia watoto, akalalamikia bei ya dizeli, halafu akasema, "Mzee, mambo ya korti ni kupotezeana wakati. Tumalizane kienyeji. Weka sahihi hapa, hii pesa ya kununua chai na dawa ni yako."

Dawa za maumivu zilikuwa zimemlegeza Nthiga. Alikwisha kuishika kalamu. Gladwell, aliyekuwa akimenya chungwa, alikiweka kisu chini.

"Baba Muchangi, ngoja nisome kwanza."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mwishoni paliandikwa kwamba Nthiga amelipwa yote na hatadai chochote tena, leo wala kesho, kutoka kwa mwenye gari wala bima yake. Gladwell akamrudishia tajiri karatasi na bahasha kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Huyu hajajua hata kama atatembea," akasema. "Atawekaje sahihi?"

Siku hiyo hiyo alienda kituo cha polisi, akaomba nambari ambayo ajali iliandikwa kwenye kitabu chao, akaiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Hakujua itamsaidia vipi. Alijua tu kwamba polisi wakikuandika mahali, ni vizuri ujue ni wapi. Tangu hapo hakutupa karatasi yoyote: risiti za dawa, picha za eksirei, barua ya kutoka hospitalini, hata risiti ya magongo.

Lakini Nthiga hakutaka kesi. Alirudi nyumbani mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, akakaa. Kaberia alikuwa ameshtakiwa kwa kuendesha vibaya na kutozwa faini, na tajiri alimfuta kazi. "Nikidai," Nthiga alimwambia mkewe, "huyo kijana atauza shamba la mamake. Nitakula hiyo pesa kweli?" Gladwell alimkumbusha mizinga inayooza juu ya miti. Mwaka ukapita, na mwingine, na wa tatu ukakaribia kwisha.

Aliyemtikisa ni Susan, mwenye duka la asali mjini Embu, ambaye ndiye aliyekuwa akisubiriwa siku ile. Alikuja kumsalimu, akamkuta ameketi mlangoni akitazama migunga, akauliza kesi imefika wapi. Aliposikia hakuna kesi, alishika kichwa. "Mzee Nthiga, hujui hii kitu ina muda? Ni miaka mitatu tu! Ikipita, hata uwe umekatwa miguu yote, korti haikusikilizi."

Walihesabu. Ilibaki miezi miwili na siku kidogo.

Wakili waliyemwendea, Maxine, alikuwa na ofisi ghorofa ya pili, na Nthiga alizipanda zile ngazi moja moja, akipumzika kila kituo. Gladwell alimwaga juu ya meza mfuko mzima wa karatasi. Wakili alizipanga kimya, akaiona ile kadi yenye nambari ya polisi, akatabasamu. "Mama, umenipunguzia kazi ya mwezi mzima. Kwa hii nambari nitapata abstrakti ya polisi, ile hati yao inayothibitisha ajali. Nitatafuta pia rekodi za gari, nijue mwenyewe hasa ni nani na amekata bima wapi. Na mzee ataenda kwa daktari ampime upya, aandike ameumia kiasi gani na nini hakitarudi."

Nthiga alikohoa. "Madam, mimi nina neno moja. Sitaki kumfilisi Kaberia."

"Nani amesema atalipa Kaberia?" Maxine aliegemea mbele. "Mzee, kila gari barabarani ni lazima liwe na bima ya watu kama wewe. Tutamshtaki mwenye lori, kwa sababu dereva alikuwa kazini kwake. Tutaijulisha kampuni ya bima mapema, na wao ndio watalipa. Kaberia namhitaji kama shahidi. Atakuja?"

Nthiga aliondoka pale kama mtu aliyetuliwa mzigo. Karibu miaka mitatu alikuwa amemhurumia mtu kwa deni ambalo si lake.

Kaberia, aliyekuwa sasa akilima kwao Kanyakine, mwanzoni alikataa. Aliogopa kortini. Nthiga mwenyewe aliongea naye kwa simu, na Gladwell anasema hajawahi kumsikia mumewe akiongea muda mrefu vile. Kesi ilipelekwa kortini zikiwa zimebaki siku kumi na moja.

Ilisikilizwa baada ya mwaka na nusu wa kuahirishwa. Wakili wa bima alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini. "Mzee, unasema umepoteza kazi. Una payslip?"

"Sina."

"Leseni ya biashara? Akaunti ya benki?"

"Sina."

"Basi korti itajuaje kwamba wewe ni mrina asali?"

Nthiga akaanza kueleza, akimtazama hakimu: jinsi unavyosikiliza mzinga kwa sikio kabla ya kuufungua, ni masega gani unamwachia nyuki asihame, ni mti gani haupandwi baada ya mvua. "Kamba unaifunga kwa mguu wa kulia," akasema. "Huu hapa." Hakimu aliacha kuandika, akautazama ule mguu.

Susan alithibitisha kwamba alinunua asali kwake miaka kumi na mmoja. Kisha Kaberia akapanda kizimbani, akasema mbele ya tajiri wake wa zamani kwamba aliripoti breki mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kama hataki kazi aache funguo.

Hakimu aliona mwenye lori ndiye wa kulaumiwa, ila akamtwika Nthiga sehemu moja katika kumi ya lawama kwa sababu mitungi yake ilikuwa imeingia barabarani. Fidia haikufika ile aliyoiomba Maxine, na bima ilichukua miezi minane mingine ya visingizio kabla ya kulipa. Nthiga hakulalamika. Kilichomkaa moyoni, anasema, ni kwamba mtu wa serikali aliyevaa koti jeusi alimsikiliza hadi mwisho.

Siku hizi, mtu akigongwa na pikipiki kule Kiritiri, jamaa zake humjia Nthiga. Huwaambia waende polisi siku hiyo hiyo, watunze kila risiti, wasiweke sahihi kitandani, wasikubali wakili aliyeletwa wodini na mtu wasiyemjua, na wasikae wakisubiri kama yeye. Huwaambia kwa urefu mpaka chai inapoa.

Kwa pesa ile alinunua mizinga ya sanduku, inayokaa kwenye vigingi vya kimo cha kiuno, isiyohitaji kupandiwa. Kazi ya kuifungua ameichukua Gladwell. Siku ya kwanza alidungwa mara saba, jicho moja likavimba likafunga, na mumewe alipomwita atoke arudi nyumbani, alimjibu kutoka ndani ya moshi kwamba bado hajamaliza.