Ndoo Yetu Yenye Kitambaa Cheusi

Enzi zetu, na wa rika langu mliokulia Nkuhungu mtanishuhudia, ukitaka kumjua jirani ulikuwa huhangaiki kumtazama usoni. Ulikuwa unatazama ndoo yake. Vijana wa siku hizi wanamjua jirani kwa jina la waifai linalojitokeza kwenye simu, na hilo nalo limefungwa kwa nywila. Sisi tulijuana bombani, na hata hapo bombani watu wenyewe hawakuwepo. Zilikuwepo ndoo.

Maji ya Dodoma mnayajua. Bomba la mtaa wetu lilikuwa moja, likifunguliwa saa mbili asubuhi, tena linatoka kwa kusuasua. Kwa hiyo kila nyumba ilipeleka ndoo alfajiri, ikaipanga foleni, mwenyewe akarudi kwenye shughuli zake. Ndoo ilisimama badala ya mtu, na ilipewa heshima zote za mtu. Ndoo ya Mzee Chilewa, mstaafu wa reli, lilikuwa kopo kubwa la rangi lenye mkono wa waya, na sisi watoto tulikuwa tunaliamkia. Msicheke! Ukilipita bila kusema shikamoo, Mama Nyemo alikuita kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Wewe mtoto, humwoni Mzee hapo?" Kuiruka ndoo ya mtu mzima kulikuwa sawa na kumruka miguu, na ulirudishwa uiruke tena kinyumenyume ili kuondoa balaa. Wanawake wawili wakinuniana, ndoo zao hazikupangwa pamoja. Katikati iliwekwa ndoo ya mtu mpole. Ndoo ikipasuka, watu walikwenda kumpa mwenyewe pole, wakakaa, wakanywa na uji.

Huyu Mama Nyemo alikuwa mama mmoja wa Kigogo, mnene, mwenye kicheko kikubwa na hasira kubwa vilevile, nyumba yake ikitazamana na bomba. Hakuna aliyemchagua kuwa msimamizi wa foleni. Alikuwa tu.

Sisi tulikuwa wageni. Mama yangu ni Msandawe wa upande wa Chemba, na lugha yetu ina ile milio ya kugonga ulimi ambayo watu wa mjini wakiisikia wanageuka kutafuta kinachopasuka. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha kuokoteza, naye alikuwa na haya kupita kiasi. Baba alikuwa mpakiaji wa magunia ya mahindi sokoni Kibaigwa, na kwa miezi miwili tuliyokaa pale alikuwa amekuja mara moja tu, siku ya mvua, watu wote wamejifungia ndani. Kwa hiyo mtaa mzima hakuna aliyemwona Baba, na Mama walimwona mgongo.

Mimi nilipeleka ndoo yetu alfajiri kabla ya shule. Mama aliifuata mchana, watu wakishatawanyika. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Bomba likifunguliwa, Mama Nyemo aliuliza mara tatu, "Ndoo hii ya nani?" Isipopata mwenyewe, ilirudishwa nyuma kabisa, kama mtoto aliyechelewa shule. Kila siku sisi tulikuwa wa mwisho, tunakinga maji yenye rangi ya chai. Alhamisi moja Mama alirudi bila hata tone. Akaitua ndoo, akakaa juu yake, akasema kwa lugha yetu, "Jumamosi baba yako akija, tunarudi Chemba. Mtaa huu hakuna anayetujua." Kesho yake akafunga furushi, akaliweka karibu na mlango.

Roho iliniuma, jamani. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimeshaupenda mtaa ule. Nilizijua ndoo zote kwa tabia zao, ingawa wenyewe sikuwajua. Nikawaza, hivi ndoo yetu ina kasoro gani?

Sasa wiki ile kulikuwa na ndoo moja ya bluu iliyokuwa ikifika wa mwisho na kukaa wa kwanza. Kila aliyeikuta aliisogeza mbele kwa mikono miwili, taratibu, huku ameinamisha kichwa. Niliichunguza siku tatu. Haikuwa na ajabu yoyote ila kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye mkono wake. Nikasema kumbe! Dawa ndiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kitambaa kile ni alama ya nyumba yenye msiba, kwamba mfiwa hapangi foleni na mtaa ndio unaomtekea maji.

Jumamosi alfajiri nikachukua suruali kuukuu ya Baba, nyeusi, nikaichana kipande kwenye mfuko. Nikakifunga kwenye mkono wa ndoo kwa fundo la kipepeo, maana nilitaka ipendeze. Nikaiweka nyuma ya foleni, nikajificha nyuma ya uzio wa minyaa nione.

Weee! Aliyefika wa kwanza aliiona, akavua kofia, akaisogeza. Wa pili akaisogeza. Bomba linafunguliwa, ndoo yetu iko mbele hata ya kopo la Mzee Chilewa. Nilitaka kuruka kwa furaha. Halafu nikamwona Mama Nyemo anakishika kile kitambaa, anakipapasa.

"Hii ni suruali," akasema. "Aliyekufa ni mwanamume."

Wakaanza kutaja nyumba moja moja, ukiacha ile ya ndoo ya bluu, na kila nyumba ikajibu kwamba ni wazima. Ikabaki moja, ile ya mwisho yenye mlango wa kijani. Ya kwetu.

"Yule mgeni!" Mama Nyemo akashika kichwa. "Amefiwa na mume katikati yetu, na hatumjui hata jina! Sisi ni watu kweli sisi?" Akaangua kilio, na kilikuwa kilio cha dhati, cha aibu. Wote wakamfuata. Wakaijaza ndoo yetu mpaka juu, wakamtwika mwanamke mmoja, na mtaa mzima ukaanza kuelekea kwetu kwa mwendo wa pole. Mimi nikawafuata kwa nyuma.

Mama alikuwa anafagia uwanja. Aliinua macho akaona watu arobaini wanakuja na ndoo yake, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale, nikamwona anatabasamu.

"Pole, mama," wakasema.

"Asanteni. Karibuni," akajibu, huku akicheka kwa furaha.

Wakatazamana. "Maskini," mmoja akanong'ona, "akili imeshtuka." Wakaliona na furushi pale mlangoni, basi wakazidi kulia, wakiamini ndugu wa mume wameshamfukuza mjane hata kabla ya arobaini. Mikeka ikatandikwa. Kuni zikaletwa, unga wa uwele ukaletwa, mlenda ukaletwa. Mzee Chilewa akapanga viti vya wanaume mkono wa kushoto kwa utaratibu wa behewa la daraja la tatu. Na kwa kuwa mfiwa haulizwi marehemu ameuawa na nini, hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Mama alikaa katikati ya wanawake, Mama Nyemo amemkumbatia, na alipowaona wote wanatokwa na machozi, naye akaanza kulia. Alilia sana. Sikuwahi kumwona analia vile, na nilikuwa najua kabisa kwamba hajui kuna msiba.

Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka. Lakini kila nilipofungua mdomo, mtu alinikumbatia na kuniita yatima.

Saa saba mchana akatokea Baba. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, gunia la mahindi begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaona mikeka, akaona wanaume vitini, akasikia vilio nyumbani kwake. Gunia likamponyoka. "Mke wangu!" akapiga yowe, akaanguka chini akigaragara mavumbini.

"Ndugu wa marehemu huyo," Mzee Chilewa akasema. "Mshikeni."

Wanaume wanne wakamshika. Baba akalia, nao wakalia, wakimpiga piga mgongoni na kumwambia ni kazi ya Mungu. Alipochoka akauliza kwa sauti iliyokauka, "Jamani, nani amekufa?"

Wote wakamgeukia Mama Nyemo. Mama Nyemo naye akamtazama Baba.

"Kwani wewe ni nani wake marehemu?"

"Mimi ndiye mwenye nyumba hii. Mume wa huyo hapo."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mbona marehemu anasema?" na watatu wakatimua mbio, mmoja wao pande la mtu, baunsa wa mtaa.

Nikajua siku yangu imefika. Nikajitokeza katikati ya uwanja, nikapiga magoti, nikasema yote: kwamba suruali ni mimi niliyeichana, kwamba nilitaka tu ndoo yetu ijulikane ili Mama asirudi Chemba. Nilisema huku nalia na kamasi. Uso wa Mama Nyemo ulivimba. Wengine wakaanza kunung'unika kwamba huko ni kuwachuria watu kifo, kwamba msiba haufanyiwi mchezo, na mmoja akaanza kukunja mkeka wake.

Ndipo Mama akasimama. Mama yangu, ambaye hakuwahi kutoa sentensi nzima mbele ya mgeni, alisimama akakanyaga ule mkeka uliokuwa unakunjwa.

"Mimi sikujua msiba," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nilijua mmekuja tu." Akawaonyesha mkeka. "Kaeni."

Mama Nyemo alimtazama. Akafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha kile kicheko chake kikaanza chini tumboni kikapanda mpaka mabega yakatikisika. "Ugali umeshaiva," akasema. "Nani anaweza kuurudisha kwenye gunia? Tandikeni mkeka!" Mtaa mzima ukala msiba usio na maiti, na marehemu mwenyewe ndiye aliyekula kuliko wote, maana alikuwa ametoka Kibaigwa na njaa. Jioni Mama alifungua furushi. Halikufungwa tena.

Kuanzia siku ile, Baba aliitwa Marehemu. Si kwa kejeli. Ndilo lilikuwa jina lake. "Marehemu ameshakunywa chai?" "Marehemu, njoo unisaidie kuinua gunia." Watoto walimwamkia njiani, "Shikamoo Marehemu," naye akaitika "Marahaba" bila wasiwasi, hata mbele ya wageni, ambao baadhi yao hawakurudi tena. Na mimi kiboko nilikipata, msidhani nilisamehewa. Lakini Mama Nyemo alinishika mkono akanipeleka bombani, akanitambulisha kwa wenye ndoo, mmoja mmoja: "Huyu ndiye Tausi."

Siku hizi ninakaa upande mwingine wa jiji, kwenye mitaa mipya ya kuta ndefu na nyaya za umeme juu yake. Kila nyumba ina bomba na tangi lake. Jirani yangu wa kulia nimemjua kwa mlio wa geti lake tu. Sina neno, maji ni raha. Lakini mtu anaweza kufa humu kwetu na wa kwanza kujua akawa msomaji wa mita.

Baba alifariki mwaka jana, nyumbani kwangu, asubuhi, akiwa mzee aliyeshiba siku. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilichukua ndoo, nikafunga kitambaa cheusi kwa fundo lilelile la kipepeo, nikaiweka nje ya geti, kisha nikaingia ndani kukaa na Mama. Haikupita saa, ikaingia picha kwenye kundi la simu la mtaa: "Kuna ndoo isiyojulikana nje ya geti. Ya nani? Inahisiwa ni ushirikina. Sambaza." Wakasambaza kweli, vijana wetu hao, kwa kazi hiyo hawana mpinzani. Wawili wakaweka alama ya moto, mmoja akaweka ya mikono inayosali. Hakuna aliyegonga geti.

Mimi sikuwa hata nimeanza kupiga simu Nkuhungu. Mchana huohuo nikasikia sauti nje, mlinzi anabishana na watu, na sauti moja ya kizee inamwambia asogee. Nilipofungua nikakuta bajaji tano zimepanga mstari. Picha ile ilikuwa imezunguka jiji zima ikafika kwenye simu ya mjukuu wa Mama Nyemo, na bibi kizee akaliona lile fundo mara moja tu akasema washeni bajaji.

Aliingia akiegemea fimbo, mwembamba siku hizi, na nyuma yake mjukuu amejitwika ndoo yangu, imejaa maji mpaka juu, analeta kwenye nyumba yenye tangi la lita elfu tano. Akapita sebuleni mpaka mkekani alipokaa Mama. Akainama, akamshika bega.

"Mama Tausi," akamuuliza polepole, "safari hii ni kweli?"

Mama akamwangalia. Akataka kucheka, machozi yakawahi.

"Safari hii ni kweli," akasema. "Kaeni."