Mayai Matatu ya Mzimu

Juzi nilirudi kijijini kwetu Shumba na mayai matatu mkobani. Usinicheke, mwenzangu. Hili nimelibeba tangu nina miaka minane, zama za Mngereza, mwaka ambao vuli iligoma na muhogo ukawa mkavu kama kuni.

Mvua ikigoma, kwetu huchezwa ng'ombe: fahali hufungwa kamba mnazini, mwanamume akamchezea uwanjani. Lakini kwanza mzimu huombwa ruhusa: ubani na mayai matatu ya kuchemsha hupelekwa pangoni asubuhi, na mpelekaji awe mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo. Mwaka ule ilikuwa zamu yangu. Bibi alinipa kikapu. "Enda, mjukuu wangu. Weka, urudi. Na mkono wako usende mdomoni."

Njaa haina adabu. Tangu jana yake nilikuwa nimekunywa uji wa chumvi tu. Nilifukiza ubani mlangoni mwa pango, nikakaa juu ya jiwe, nikayala yote matatu. Matamu, wallahi! Maganda nikamwachia mwenyewe mzimu.

Alasiri zumari ikalia, wanawake wakaimba. Aliyeingia uwanjani kucheza alikuwa mjomba wangu, aliyezoea kunibeba begani twende kuangua mapera. Fahali alikuwa wa jirani, mpole, tukimlisha maganda ya ndizi kwa mikono yetu. Siku ile alilowa jasho kabla hata hajakimbia.

"Yuno si ng'ombe wetu," bibi akapiga kelele. "Mtoeni!"

Fahali alipita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akaja hadi niliposimama. Pumzi yake ilinuka ubani. Akaulamba mkono wangu wa kulia, kidole baada ya kidole, taratibu. Mjomba akaja mbio kuniokoa, na hapo ndipo fahali alipogeuka.

Pembe iliingia chini ya mbavu. Alimrusha juu, akamdaka, akamrusha tena. Mara tatu, nilihesabu. Tulipomfikia mjomba hakuwa na tumbo, na fahali amelala kando yake anacheua, uso mzima damu. Kamba yake ya makumbi ya nazi ilikuwa bado imefungwa mnazini, fundo halijalegea, nayo ilikuwa fupi, haiwezi kumfikisha niliposimama mimi.

Magharibi mvua ikashuka. Watu wakasema mzimu umepokea. Bibi alinivuta kando, akanifuta pembeni mwa mdomo kwa upindo wa kanga. Kiini cha yai kilikuwa kimenikaukia pale. Alikitazama, akanitazama, na mpaka anakufa hakulitaja. Afadhali angenipiga.

Siku hizi uwanja ule una nyumba za mabati, na ng'ombe hachezwi tena pale. Pango lilifukiwa kwa mawe walipojenga. Nilizunguka, nikakosa hata pa kuyaweka mayai yangu, nikarudi nayo nyumbani.

Jioni mjukuu wangu wa kike alinyoosha mkono achukue moja. Nilimpiga kofi la uso akaanguka. Alilia, na mpaka leo anauliza amekosa nini.