Mimi na Gunia la Mchele, Badala ya Mama

Hapana, si breki. Breki ikiungua inakuchoma puani mara moja, halafu basi. Hii ni harufu ya mpira, mkanda wa skuta unaoteleza kwenye puli, na inakaa kooni kama uji ulioungua. Nimemwambia hivyo huyo jamaa aliyeleta skuta yake gereji kwangu hapa Neasden, London, akabisha. Halafu wakati ananisubiri akaomba kuizungusha ile ya kijani iliyoegemea ukutani. Karudi anacheka. Eti hata baiskeli inaipita, eti fundi aliyeifunga hivyo kaiharibu.

Kaiharibu. Skuta ya mjomba wangu.

Sasa nisikilizeni nyinyi, maana yeye hasikilizi.

Nilikuwa na miaka kama kumi hivi. Tulikuwa tunakaa Kilburn, chumba na sebule juu ya duka la simu: mimi, Mama, na Mjomba Seif, mdogo wake Mama, ambaye alilala kwenye sofa fupi miguu ikining'inia nje. Jioni Mjomba alikuwa anapelekea watu chakula kwa skuta. Mama alikuwa ndio kwanza kapata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba moja kule Highgate, juu kabisa kilimani. Shifti inaanza asubuhi mapema, mabasi ni mawili, na la kwanza likichelewa lile la pili unaliona mgongo tu. Bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio. Meneja alishamwambia kwamba akiendelea kuchelewa wataachana. Mama alitusimulia hayo huku anakoroga chai, na akaendelea kuikoroga mpaka ikapoa.

"Dada, nitakupeleka mimi," Mjomba akasema.

"Na hicho kimashine? Hicho kinabeba piza, Seif. Hakibebi mtu mzima."

Leseni ya kubeba abiria alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa kilima.

Ngoja niwaeleze, ni fupi. Ndani ya puli ya mbele ya skuta kuna vizito, viduara vidogo kama vidonge vinene vya dawa. Injini ikizunguka vinatupwa pembeni, vinabana puli, mkanda unapanda, na gia inabadilika yenyewe. Ukiweka vyenye uzito mkubwa, gia inabadilika mapema: kwenye tambarare unaruka, kilimani injini inaelemewa na kukata pumzi. Ukiweka vyepesi, injini inalia kama imefinywa, lakini inapanda. Vyote viwili hupati. Na vyepesi kiasi gani, hiyo inategemea umebeba kilo ngapi.

Kwa hiyo ilibidi tujue uzito wa Mama.

Nani amuulize? Mama ndiye dada mkubwa, alimbeba Seif mgongoni tangu hajaota meno. Mtu kama huyo humuulizi kilo zake. Mimi nikasema nitauliza, mimi siogopi. Mjomba akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka oili.

"Unataka tulale nje wote wawili?"

Basi akakisia. Alisimama mlangoni mwa jikoni akimwangalia Mama anavyogeuka na sufuria, kama mtu anayepima kwa macho kama kabati litapita mlangoni. Akaninong'oneza namba. Akafikiri, akaipunguza.

"Mbona umepunguza?"

"Heshima," akasema.

Jumapili tukaenda Highgate kujaribu. Mimi peke yangu sikufika nusu ya Mama, kwa hiyo Mjomba akachukua gunia la mchele la jikoni akanifunga nalo mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Kwa namba ile iliyopunguzwa, mimi na gunia ndio tukawa Mama. Watu wa kule walikuwa wanatembeza mbwa, wakatuangalia, na mbwa nao wakatuangalia.

"Kaa kama Mama," Mjomba akasema.

"Mama anakaaje?"

"Kama kagombana na barabara."

Nikanuna. Tukapanda mpaka katikati, injini ikaanza kukoroma, tukashuka chini. Akasubiri ipoe, akafungua kifuniko pembeni ya barabara, akatoa vizito vingine kutoka ndani ya soksi, vyepesi kidogo, akafunga. Tukapanda tena, tukakwama mbele zaidi. Akatoa tena soksi. Mara ya mwisho tulifika juu injini ikipiga kelele mpaka masikio yananiwasha, na kanga imenikata mabega, na nilikuwa na furaha hata nikasahau kununa. Tukarudi nyumbani, mchele tukaupika.

Jumatatu asubuhi Mama akavaa helmeti juu ya mtandio, akakaa nyuma ya mdogo wake. Nikawaangalia dirishani mpaka wakapinda kona.

Jioni koti lake ndilo lililonisimulia kabla yake. Lilinuka mpira ulioungua, harufu hii hii. Skuta ilikuwa imekufa katikati ya kilima, moshi ukatoka, Mama akashuka na kupanda kwa miguu na yunifomu yake, na meneja alikuwa mlangoni anaangalia saa. Akamwambia hii ndiyo ya mwisho.

Hakulaumu mtu. Alivua viatu, akakaa. Mjomba akaangalia zulia. Na mimi, mnavyonijua, nikalipuka, tena kwa Kiingereza, kwamba ni kosa lake, nani alimtuma apunguze.

"Ongea vizuri," Mama akasema. "Alipunguza nini?"

Mjomba akanikata jicho. Nikasema yote: namba, gunia, kanga, heshima.

Nilidhani atacheka au atapiga mtu. Akavaa viatu tena. "Twendeni."

Chini, mlango wa tatu, palikuwa na duka la Baba Nila, Mhindi wa Mwanza, mzee anayeuza mchele, unga na maharage na ana mizani ya magunia kule nyuma. Dukani walikuwamo wateja wawili. Mama akawapita, akapanda juu ya mizani na koti lake, na viatu, na mkoba begani, na chupa ya chai mkononi.

"Mama Rehema," Baba Nila akasema, "mkoba shusha basi, dada. Mkoba siyo wewe."

"Kazini naenda nao. Pima."

Baba Nila akageukia rafu ya dengu. "Mimi hapa sioni kitu. Bwana Seif, soma wewe mwenyewe."

Mjomba akainama, akasoma. Namba siwaambii. Nampenda Mama, na yuko hai.

Jioni ile ile Mjomba akafunga vile vyepesi kuliko vyote vilivyokuwamo kwenye soksi, akabadilisha na mkanda. Kesho yake Mama alifika kabla ya meneja, akawa anamsubiri yeye mlangoni. Miezi ya majaribio ikapita. Kazi akabaki nayo, na sisi tukabaki na pa kukaa.

Ila kwenye tambarare, skuta ikawa kichekesho. Kilburn yote unaisikia inalia na haifiki. Pale nje ya duka la kuku ambapo madereva wa chakula wanasubiri oda, wakaanza kumwita Mjomba Blenda. "Blenda huyo anakuja, leteni maembe." Nilikuwa napita pale kutoka shule, nikamjibu mmoja maneno ambayo mama yake angenifukuza nayo mtaani. Mjomba akanivuta mkono, akacheka nao. Nilimkasirikia yeye kuliko wao.

"Si urudishe vile vizito jioni? Asubuhi unaweka vya Mama."

"Klachi haipendi kufunguliwa-funguliwa, Rehema."

Nikaamini. Niliamini mpaka nilipokuwa mkubwa, nikaanza kujifundisha ufundi mwenyewe kwa video na kwa kuharibu, na siku moja nikafungua kifuniko kile kile. Kubadilisha vizito ni kazi ya muda wa kikombe cha chai. Klachi haina habari kabisa. Nilikaa chini pale na spana mkononi, nikajiona mjinga.

Mjomba alikuwa anarudi usiku kachoka. Aliogopa asubuhi moja apitiwe na usingizi, asahau kubadilisha, na Mama ashuke tena katikati ya kile kilima. Kwa hiyo akakubali kupitwa. Jioni zote, miaka yote Mama aliyofanya kazi kule, akipitwa na vijana, akipitwa na mabasi, na ndiyo, na baiskeli, akiitwa Blenda, na anacheka.

Skuta iko pale ukutani. Vizito vyepesi vimo ndani, na atakayevigusa tutakosana. Na wewe jamaa, mkanda wako mpya nimeshaufunga, njoo uchukue. Yako inakimbia, sawa, nimeona. Inambeba nani?