Mjusi na Visigino vya Bibi

Juzi, nyumbani kwa rafiki yangu Geita, nilimkuta mwanawe akinyunyizia maji kisanduku cha kioo anamofugia mjusi. Harufu ya udongo ulioloa ikanirudisha Mhunze, kwenye kiangazi kimoja cha utoto wangu.

Mjusi wangu aliishi kwenye kopo la maziwa. Ngozi yake ilikuwa imekauka na kuwa nyeupe, ikamganda vidoleni. Nilidhani anazeeka kama Bibi, ambaye visigino vyake vilikuwa vimepasuka, basi nikaanza kumpaka mafuta ya kupikia.

“Mwache huyo, mjukuu wangu,” Bibi alisema. “Anabadili ngozi. Anataka unyevu tu.”

Akachovya pamba kwenye maji ya mtungini, maji aliyoyachota alfajiri kwa kufukua mchanga wa mto, akaiweka ndani ya kopo. Tulipomaliza kula mchana, ile ngozi ilikuwa imebaki kwenye pamba kama soksi, na mjusi anang'aa.

Leo najua mijusi wote hujivua ngozi. Siku ile nilijua Bibi ndiye aliyemfanya upya. Alikuwa amesinzia mkekani, mabati yakilia kwa joto. Nikalowesha pamba nyingine, nikafunika visigino vyake, nikakaa nikimngoja Bibi mpya atoke.