Leonia anayatafuta macho ya Abuu

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Newala bado umetanda barabarani, na Leonia Silvesta ameshafungua kibanda chake cha steshenari. Wateja wa kopi hawajafika. Anawasha kompyuta, anafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, anaandika amri kwa kidole kimoja, kisha anakaa kusubiri.

"Ukiandika neno la siri hapa, huoni hata nukta," anasema. "Siku ya kwanza nilidhani kibodi imekufa. Niliigonga weee!"

Anacheka, halafu kicheko kinakatika. Hajifunzi mfumo huu wa Linux kwa raha zake, mama huyu wa Julia. Anamtafuta Abuu.

Abuu alikuwa kijana wa bodaboda wa Chilangala. Alipigwa picha hapa hapa, mbele ya kitambaa cha bluu, kwa ajili ya leseni. Haukupita muda, akafa ajalini njia ya Masasi. Mama yake ana simu ya kitochi, na picha nyingine ya mwanawe hana. Akaiacha hiyo moja kwenye kompyuta ya Leonia, kama wafanyavyo wengi huku, mpaka korosho ziuzwe apate kuikuza na kuitia fremu.

"Aliniambia, 'Mama Julia, nitunzie, nyumba yangu inavuja.' Nikamjibu, wasiwasi wa nini mama, ikiwa kwangu ni kama iko kwako."

Kompyuta yenyewe ilikuwa hoi kwa virusi. Ladislaus, fundi wa Masasi, akamshauri ahamie Linux, mfumo wa bure usiodai leseni. Akampa flashi na kumwelekeza kwa simu. Katikati ya maelekezo, mtandao ukakata. Kwenye skrini yakabaki machaguo mawili ya Kiingereza: kuuweka mfumo mpya pembeni ya ule wa zamani, au kufuta diski yote kwanza.

Leonia, mtoto wa wakulima wa Lukuledi, alikielewa Kiingereza kile vizuri tu. Ndiyo maana anaumia.

"Kwetu hupandi juu ya magugu, unasafisha shamba kwanza. Na ukipalilia, mikorosho inabaki imesimama, si ndiyo? Nilidhani picha za watu ni mikorosho. Nikabonyeza kufuta."

Masikini Leonia! Kompyuta iliwaka nyepesi, safi, ya kupendeza. Folda ya wateja haikuwemo.

Walio hai walinung'unika, wakapigwa picha upya. Abuu hawezi kurudi kukaa mbele ya kitambaa.

Ladislaus akamfundisha programu ya kuokoa mafaili, nayo ya bure. Inarudisha picha zisizo na majina, nyingine nusu: bi harusi bila bwana, watoto wa unyago bila miguu. Kompyuta ikiwa inatafuta haichapi kazi, na wateja wanahamia kwa jirani. Fundi hakumficha kitu. Pale mfumo mpya ulipokalia, cha zamani hakirudi.

"Mwache marehemu apumzike, dada," alimwambia. Leonia alikata simu.

Wiki iliyopita picha moja ikajitokeza. Kitambaa cha bluu, nywele, kipaji cha uso, nyusi. Kuanzia hapo kwenda chini, kijivu kitupu. Akamwita Mama Abuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Leonia akamgeuzia skrini. Mama akagusa kovu dogo juu ya unyusi.

"Ndiye. Hapa alijigonga kwenye kinu, hajaanza hata shule. Mbona macho sioni?"

"Bado natafuta, mama."

"Basi nichapie hivyo hivyo."

Akaifunga karatasi kwenye pindo la kanga, akashukuru, akaondoka.

"Heri angenitukana," anasema Leonia, na machozi yanamtoka. "Matusi ningeyazoea. Ile asante ndiyo inayoniua."

Anapanga kumpelekea Ladislaus diski yenyewe msimu ukiisha, ingawa jibu la fundi analijua. Programu imemaliza kutafuta, hakuna kipya. Anaandika amri ile ile tena.

"Kukata tamaa nimeshakata. Lakini nitaachaje? Nilifika kwa Mama Abuu juzi. Fremu ameshanunua, kubwa. Kile kipande amekibandika juu, na chini ameacha nafasi."